Karabai Inayozimika Ziwani

Wavuvi wa Usenge waijua hasara ya karabai kuzimika usiku wa giza. Omena hufuata mwanga. Taa ikizimika kabla ya wavu kuvutwa, hutawanyika, na kazi ya usiku mzima hupotea. Siku hizi wengi hutumia taa za betri, lakini mwenye karabai kuukuu hana budi kujua kuitunza.

Kwanza fahamu jinsi ifanyavyo kazi. Hewa ya bomba husukuma mafuta ya taa hadi kwenye mrija wenye moto. Humo mafuta hugeuka mvuke, hutokea katika kijitundu chembamba, kisha huwaka ndani ya soksi. Basi taa ikizimika, tazama mambo matatu kwa utaratibu huu, wala usifungue kila kitu kwa mara moja.

1. Hewa. Mwanga ukififia polepole, kisha ukarudi unapopiga bomba, hewa inavuja. Taa ikiwa baridi, paka povu la sabuni kwenye kifuniko. Mapovu yakitokea, badili mpira wake. Bomba likienda bila uzito, ngozi yake imekauka. Ilainishe kwa mafuta.

2. Mafuta. Taa ikirukaruka, huenda maji yameingia. Mimina mafuta katika chupa safi, uyaache yatulie. Maji hukaa chini. Chukua ya juu, uyachuje kwa kitambaa safi. Jaza tangi robo tatu tu, ili hewa ipate nafasi.

3. Njia. Ikiwa hewa na mafuta ni sawa, lakini mwanga ni hafifu, kijitundu kimeziba kwa masizi. Kisafishe kwa sindano yake. Waya mnene hukipanua. Taa ikitoa moto wa manjano na moshi, mrija haukupata joto la kutosha. Izime, ipoe, kisha uipashe tena kwa spiriti.

Jihadhari! Taa ikikataa, wengine hutia petroli kidogo. Usifanye hivyo kamwe. Petroli hugeuka mvuke upesi mno, na taa yaweza kulipuka mtumbwini, mahali pasipo pa kukimbilia. Wala usiongeze mafuta taa ikiwa inawaka.

Fanya kazi hii mchana, nchi kavu, siku za mbalamwezi mitumbwi inapopumzika. Kisha iwashe ufukoni kwa saa nzima. Isipozimika hapo, ndipo uende nayo ziwani.