Likizo ya Familia Ufukweni: Nani Anapanga, Nani Anapumzika?

Masomo ya kusoma kwanza: Lk 2:41-52, Kum 5:12-15, Mk 6:30-34



Kila ikikaribia Juni, shule zinapofunga, napata maswali ya aina mbili. La kwanza: "Frateri, familia ikienda bichi Bukoba siku mbili, hiyo si anasa? Pesa hiyo si bora ikajenge kigango?" La pili: "Frateri, mbona wazazi wetu hawatupeleki popote, wakati wenzetu tunawaona kwenye simu wako ufukweni Italia na Hispania na wazazi wao?"

Maswali haya mawili ni ndugu. Yote yanachukulia kwamba mapumziko ni mali ya mwenye pesa, tofauti ni kwamba mmoja anaogopa na mwingine anatamani. Leo tuyachukue pamoja, Biblia mkononi na ramani ya Kagera mezani. Wazo la somo ni moja: likizo inakuwa ya familia pale ambapo kila anayeishi katika nyumba hiyo ana nafasi ya kuipanga na ana nafasi ya kupumzika.

1. Kupumzika si dhambi

Mtakatifu Thomas wa Akwino, akizungumzia michezo na burudani katika Summa, anasimulia habari ya zamani ya Mtume Yohane. Watu walikwazika kumwona akicheza na wanafunzi wake. Yohane akamwomba mmoja wao, aliyekuwa na upinde, apige mshale. Akapiga. Akaombwa tena na tena. Kisha akaulizwa kama angeweza kuendelea hivyo bila kuacha, naye akajibu kwamba upinde ungevunjika. Thomas anasema roho ya mtu nayo iko hivyo. Tena haishii hapo: kwake, mtu asiyejua kabisa kufurahi, anayewaharibia wenzake furaha halali, naye ana kasoro ya kimaadili.

Jambo jingine nililolipata kwenye falsafa likanichekesha. Neno letu "shule" tumelipata kwa Wajerumani, nao walilipata kwenye Kilatini, nacho kikalipata kwenye Kigiriki, skholē. Maana yake ya mwanzo ni wakati wa mtu kuwa huru na shughuli, yaani mapumziko! Aristotle alifundisha kwamba tunahangaika na kazi ili hatimaye tupate utulivu, na katika utulivu huo ndipo mtu anaweza kutazama ukweli. Kwa hiyo kijana anayefunga shule aende kutazama ziwa hajaiacha shule mbali sana.

Na hao wa Italia? Kilele cha likizo zao za ufukweni ni tarehe 15 Agosti, wanaiita Ferragosto. Jina lina asili ya sikukuu za Kaisari Augusto, lakini kwa Kanisa siku hiyo ni Sherehe ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria. Picha ya bahari tunaiona kwenye simu. Misa ya asubuhi haionekani sana, ila familia zinazokwenda zipo.

2. Safari ya familia ya Nazareti

Sasa fungua Lk 2:41-52. Wengi tunaisoma kama tendo la tano la furaha la Rozari na tunapita. Hebu isome kama habari ya safari ya familia yenye mtoto wa miaka 12.

Kwanza, walikuwa na desturi. Luka anasema walikwenda Yerusalemu kila mwaka kwa Pasaka. Safari ya kila mwaka haiji kwa bahati, watu huiwekea akiba.

Pili, walisafiri na ndugu na jamaa. Wakati wa kurudi, Maria na Yosefu walidhani Yesu yumo katika msafara, wakaenda mwendo wa siku nzima. Angalia umri: miaka 12. Mtoto mdogo ungemshika mkono, na mtu mzima ungejua kwamba anajitegemea. Huyu wa katikati kila mtu anadhani yuko na mwingine. Wazazi, hapo ndipo vijana wetu wanapopotelea, hata wakiwa wamekaa sebuleni.

Tatu, Yesu alikuwa na jambo lililoushika moyo wake: Hekalu, na maswali kwa walimu. Walipompata, Maria aliuliza kwanza, kisha akaeleza uchungu wao. Hawakuelewa jibu, lakini mazungumzo yalikuwepo. Naye Yesu akarudi nao Nazareti akawatii. Utii wake ulikuja baada ya kusikilizwa. Mzazi anayepanga safari bila kumuuliza kijana wake kitu gani kiko moyoni, asishangae akimpata kijana huyo kwa mwili tu, macho kwenye simu.

3. Kutoka kibanjani hadi ziwani

Sisi wa Karagwe na Kyerwa bahari iko mbali, lakini ziwa la pili kwa ukubwa duniani kati ya maziwa yenye maji baridi liko ndani ya mkoa wetu. Kutoka Kayanga na Bugene kwenda Bukoba kwa kupitia Kyaka ni kama kilomita 120. Mtu wa Nkwenda au Kaisho anaongeza kipande cha kufika Omurushaka kwanza. Hebu tupange.

Lini? Likizo ya Juni ina faida ya kiangazi, lakini ni msimu wa kuchuma kahawa, na mikono ya vijana inahitajika. Desemba mabasi yanajaa watu wanaorudi nyumbani kwa Noeli. Kaeni chini mhesabu siku za kazi, kisha mchague siku mbili au tatu. Vijana mkijitolea kumaliza kuchuma na kuanika mapema, mmeshachangia safari kuliko mnavyodhani.

Kwa pesa gani? Hapa nisimame kidogo. Familia moja ya Kyerwa imeniruhusu nieleze habari yao bila majina. Baba alitangaza mezani kwamba mwaka huo wote wangekwenda Bukoba. Watoto wadogo walishangilia. Kijana wa miaka 16 akasema, "Mimi siendi." Baba akakasirika, akamwita mtovu wa shukrani. Mama ndiye aliyeuliza, "Kwa nini, mwanangu?" Kijana akajibu taratibu, "Hiyo pesa ni ya kahawa ambayo bado ni maua."

Wale wa kwetu mmeshaelewa. Ni butura: unauza kahawa ikiwa bado mtini, kwa bei ya mwenye shida, na msimu ukifika mavuno ni ya mwingine. Serikali imepiga marufuku, viongozi wa ushirika wamesema, bado inafanyika gizani. Yule kijana alikuwa anajua kwamba baada ya siku mbili za ufukwe ungefuata mwaka mzima wa kukosa michango ya shule. Baba alinyamaza muda mrefu. Safari ikaahirishwa. Wakanunua kibubu.

Mapumziko yanayonunuliwa kwa deni la namna hiyo yanakopa jasho la kesho, na mara nyingi ni jasho la watoto. Afadhali kidogo kidogo. Familia ikiweka shilingi 5,000 kila wiki, kwa wiki 26 ina shilingi 130,000. Ulizeni nauli stendi mapema, mhesabu kwenda na kurudi kwa kila kichwa, kisha muone kinachobaki. Kama hakitoshi kulala gesti, ombeni kwa ndugu aliye Bukoba, mbebe ndizi na maharage msiwe mzigo. Kama nauli yenyewe haitoshi, msione aibu: Kyerwa ina maji moto ya Mtagata, na Karagwe ina vilima ambavyo wengi wetu hatujawahi kuvipanda pamoja na wazazi. Mtoto hakumbuki umbali, anakumbuka nani alikuwepo.

Usalama wa maji. Watoto wa milimani wengi hatujui kuogelea, na fukwe nyingi za ziwa hazina waokoaji. Kwa hiyo kila anayeingia majini awe na mtu mzima anayemtazama, kwa jina: "Wewe unamtazama huyu." Tusirudie kosa la msafara, kila mtu kudhani yuko na mwingine. Mkipanda mtumbwi au boti, hata kama ni kwenda Musira tu, kisiwa kile mnachokiona kutoka ufukweni, kila mtu avae jaketi la kujiokolea. Kama halipo, msipande. Mkoa wetu haujasahau MV Bukoba, 21 Mei 1996.

Kuna pia kichocho. Konokono wanaokibeba hupenda maji yaliyotulia yenye majani, basi epukeni matete na vidimbwi vya pembeni. Hata penye maji ya wazi hatari haiishi kabisa, kwa hiyo wiki sita hadi nane baada ya safari mkapime kituo cha afya. Dawa ipo.

Mavazi na siku za mwezi. Mama au shangazi azungumze na mabinti kabla ya kupanga tarehe. Binti asifike ufukweni akakaa kwenye mchanga siku nzima kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Mavazi ya kuogelea yazungumzwe nyumbani kwa heshima, wavulana na wasichana wote, kuliko kugombezana mbele za watu.

Simu. Msizipige marufuku, kubalianeni. Mfano: picha nusu saa, kisha simu zote kwenye mfuko wa mama hadi chakula cha jioni, na ya baba ikiwemo.

Njiani na Misa. Mkivuka Mto Kagera pale Kyaka, waelezeni wadogo kwamba daraja la hapo lilivunjwa na majeshi ya Idi Amin mwaka 1978. Babu aliyekuwepo asimulie mwenyewe. Jumapili ikiwakuta Bukoba, nendeni Kanisa Kuu. Humo amezikwa Laurean Kardinali Rugambwa, aliyefanywa kardinali mwaka 1960, Mwafrika mweusi wa kwanza katika nyakati zetu. Alizaliwa katika vijiji vya mkoa huu huu.

4. Na dada wa kazi?

Sasa tufungue Kum 5:12-15, na hapa naomba tusome polepole. Amri ya tatu haisemi tu kwamba wewe upumzike. Inataja mwana, binti, mtumishi wa kiume na wa kike, ng'ombe, punda, na mgeni. Kisha inatoa sababu: mtumishi apumzike kama wewe. Waisraeli wanakumbushwa kwamba nao walikuwa watumwa Misri.

Katika nyumba zetu nyingi yupo dada wa kazi, mara nyingi ana umri wa binti wa nyumba hiyo. Familia ikienda ufukweni, yeye anabaki na kuku, au anachukuliwa ili apike na kushika mtoto mchanga huku wengine wanaogelea. Yupo pia kijana wa ng'ombe. Tukirudi tunasema tumepumzika kama familia. Mbele ya Kumbukumbu la Torati, bado hatujapumzika, tumehamisha kazi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo ya mwaka yenye malipo, na angalau saa 24 za mapumziko kila wiki. Lakini Mungu alikuwa ameshasema. Basi pangeni: au dada aende kwao siku hizo na mshahara wake pamoja na nauli, au aje nanyi na zamu za kupika zigawanywe kwa wote, wavulana wakiwemo. Ng'ombe aombewe jirani, nanyi mtamlipa fadhila atakaposafiri yeye. Bibi asiyeweza safari ndefu aulizwe anataka nini, asiamuliwe.

Ile familia ya Kyerwa ilikwenda mwaka uliofuata. Dada wao alikwenda nao. Mama aliniambia kwamba alipoliona ziwa aliuliza ng'ambo yake iko wapi, na wakakaa naye hapo wakitazama hadi jua likazama nyuma yao.

5. Sehemu yako, kijana

Usingoje kupelekwa. Omba kazi moja katika mpango na uitimize: kuuliza nauli, kutunza kibubu, kutafuta saa za Misa, kuandaa sala ya safari. Sema ukweli kuhusu unachopenda, na pia unachoogopa. Na mipango ikivunjika, kumbuka Mk 6: Yesu aliwachukua mitume waliochoka, wakapanda mashua wakapumzike mahali pa faragha, wakakuta umati umeshatangulia. Hakuwafukuza watu, aliwahurumia. Mvua, basi kuharibika, mdogo wako kuumwa tumbo, yote yanaweza kutokea. Upendo hauna haja ya hali ya hewa nzuri.

Maswali ya kujadili (VIWAWA, TYCS au nyumbani)

1. Katika familia yetu, nani hajapumzika hata siku moja mwaka huu? Mtaje kwa jina.
2. Je, mzazi wako anajua kitu kinachoushika moyo wako sasa hivi? Na wewe unajua cha kwake?
3. Kuna deni gani nyumbani ambalo watoto wanalijua lakini hawathubutu kulisema?

Azimio la wiki: Jumapili hii baada ya chakula, osha vyombo wewe, umwambie dada wa kazi au mama apumzike.

Tusali: Bwana Yesu, ulitembea njia ya Yerusalemu na wazazi wako, ukapanda mashua na rafiki zako waliochoka. Zitazame familia za Karagwe na Kyerwa. Zipe mkate wa kutosha na siku ya kupumzika. Wafungue wanaobanwa na madeni. Wakumbuke wanaofanya kazi wakati sisi tumelala. Utufundishe kuulizana kabla ya kulaumiana, hata siku ile tutakapopumzika kwako sote, bila kumwacha mtu nyuma. Amina.

Maria, Malkia wa Familia, utuombee.

Ndimi frateri wenu, Karagwe