KUTEMBEA KATIKA MJI MKONGWE WA UNGUJA

Mji Mkongwe ni sehemu ya zamani ya mji wa Unguja, nao uko pwani, upande wa magharibi wa kisiwa. Kila mwaka wageni wengi hutoka nchi za mbali kuja kuutazama. Mji huu haufai kutazamwa kutoka ndani ya motokaa, kwa maana njia zake nyingi ni nyembamba, hata watu wawili wenye mizigo hupishana kwa shida. Atakaye kuujua sharti aende kwa miguu. Na aendapo, atazame mambo mawili: uzuri wa mji, na jinsi mali iliyoujenga ilivyopatikana.

Safari huanza Forodhani, mbele ya bahari. Hapo zamani bidhaa za vyombo zilitozwa ushuru, ndiyo asili ya jina lake. Sasa ni bustani, na jioni watu huuza pweza, samaki wa kuchoma, muhogo na maji ya miwa. Ng'ambo ya njia iko Ngome Kongwe. Waarabu wa Omani waliijenga baada ya kuwafukuza Wareno mwishoni mwa karne ya 17, mahali palipokuwa na kanisa la Wareno.

Kando ya ngome ni mahali pa Beit el Ajaib, jumba lililojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883. Watu walilistaajabia kwa ukubwa wake, na kwa kuwa ndilo la kwanza mjini kutiwa taa za umeme. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza ziliyapiga mizinga majumba ya Sultani. Vita vile havikutimiza saa moja. Majumba ya jirani yakabomoka, lakini Beit el Ajaib likasalia. Hata tarehe 25 Desemba 2020, lilipokuwa likitengenezwa, sehemu yake kubwa ikaporomoka pamoja na mnara wa saa, na watu wawili wakafa.

Udhaifu wa nyumba za namna hii hufahamika kwa mtu azitazamaye kuta. Zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake hushikwa na boriti za mikoko. Kuta ni nene, nazo huzuia joto. Lakini lipu ikipasuka, maji ya mvua huingia ndani. Chokaa hulegea, boriti huoza, na nyumba iliyosimama miaka mia huanguka kwa siku moja. Kwa hiyo nyumba ya mawe hutaka kutunzwa daima kama chombo cha baharini.

Kutoka hapo mtembezi huingia vichochoroni, ambamo kuta ndefu huleta kivuli mchana kutwa. Mbele ya nyumba nyingi pana baraza za mawe, ambapo wazee huketi na kuzungumza. Apitaye huwaamkia, wala hawapigi picha pasipo kuwaomba ruhusa. Hapa pia huonekana milango mashuhuri ya Unguja, iliyochorwa kwa patasi na mafundi hodari. Katikati yake husimama mfaa, nao huchorwa kama vizingiti. Milango ya kale ni ya mraba juu. Ile yenye upinde juu yaonyesha mkono wa Wahindi. Tajiri alijulikana kwa mlango wake.

Utajiri huo ulitoka wapi? Ulitoka katika karafuu, katika pembe za ndovu, na katika watu. Njia ikifika Mkunazini, mtembezi huliona Kanisa Kuu la Kristo, lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa. Watu waliotekwa bara, wanaume, wanawake na watoto, waliuzwa hapo. Sayyid Barghash alishurutishwa na Waingereza kulifunga soko mwaka 1873, na msingi wa kanisa ukawekwa mwaka ule ule. Aliyesimamia ujenzi ni Edward Steere, ambaye baadaye akawa Askofu, naye aliandika vitabu vingi vya Kiswahili. Husemwa kwamba altare ipo mahali uliposimama mti waliofungiwa watumwa wakapigwa viboko. Nje, katika shimo, zimewekwa sanamu za watu watano wenye minyororo shingoni.

Hata hivyo kufunga soko hakukuwa kumaliza utumwa. Sheria ya kuuondoa ilitolewa Unguja mwaka 1897, na hata baada yake wengine walikawia kupata uhuru.

Si mbali na kanisa iko Darajani, na soko kubwa lililojengwa mwaka 1904. Hapo huuzwa samaki, matunda na viungo, na watu wa kila kabila husukumana. Safari huishia hapo.

Mwaka 2000 UNESCO iliutia Mji Mkongwe katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mgeni asifuye milango tu, asifike Mkunazini, ameuona nusu ya mji. Naye alaumuye utumwa tu, asiitazame kazi ya mafundi, vilevile ameuona nusu. Mwenye busara hutazama yote mawili.

MASWALI
1. Kwa nini haifai kuutazama Mji Mkongwe kutoka ndani ya motokaa?
2. Eleza jinsi maji ya mvua yanavyoiharibu nyumba ya mawe.
3. Mali iliyoujenga mji ilitoka katika mambo gani matatu?
4. Ni nani aliyeuona nusu ya mji? Toa sababu.
5. Taja jengo la zamani lililo karibu na kwenu, ueleze ni nani waliolijenga na kwa kazi gani.