Kisesa, Bujora na Daraja la Kigongo–Busisi: Mwongozo wa Nyayo za Hangaya

Mgeni wa Mwanza anayetaka kuelewa jinsi utemi, yaani utawala wa jadi wa Wasukuma, unavyokutana na dola ya kisasa, huanza vyema Kisesa, mji mdogo wa Wilaya ya Magu ulio kando ya barabara ya Musoma, ambako daladala za kutoka jijini hufika mchana kutwa. Hapo ndipo Rais Samia Suluhu Hassan, mwanamke wa kwanza kuiongoza Tanzania, alipotawazwa na machifu kuwa mkuu wao tarehe 8 Septemba 2021, akapewa jina la Hangaya, yaani nyota ing'aayo. Cheo hicho ni cha heshima tu, kwani Tanganyika ilifuta mamlaka ya machifu mwaka 1963, na nguvu za Hangaya hutoka Ikulu, si kwenye kigoda, yaani kiti cha mtemi.

Bodaboda kutoka Kisesa humfikisha mgeni Bujora, kwenye Makumbusho ya Wasukuma yaliyoasisiwa na Padri David Clement kutoka Kanada, mahali panapostahili nusu siku nzima. Banda la watemi lina umbo la kigoda, na ndani yake zimetunzwa ngoma za tawala mbalimbali. Inafaa kumwomba mwenyeji aeleze kazi ya banang'oma, wazee waliomteua mtemi, na jinsi urithi ulivyofuata ukoo wa mama, hata mtoto wa dada wa mtemi akatangulia mbele ya mwana wa kumzaa. Hivyo damu ya mwanamke ilikuwa na uzito utemini tangu zamani, ijapokuwa aliyekalia kigoda kwa kawaida alikuwa mwanamume. Anayekuja Juni, msimu wa sikukuu ya Ekaristi, hukuta Bulabo, mashindano ya ngoma kati ya vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu, ambapo hata chatu huchezeshwa uwanjani.

Kusini mwa jiji, kupitia Usagara, liko Daraja la Kigongo–Busisi, liitwalo rasmi Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3 juu ya Ghuba ya Mwanza, ambalo Samia alilizindua tarehe 19 Juni 2025, ingawa ujenzi ulianza enzi za mtangulizi wake Magufuli, na haki ni sifa zigawanywe. Wasafiri wa Sengerema na Geita, waliokuwa wakipanga foleni Kigongo kungoja kivuko, sasa huvuka kwa dakika chache. Anayependa safari ya majini apande kivuko cha Kamanga katikati ya jiji, kisha arudi kwa gari kupitia Sengerema na darajani.