Faida Yako ni Karo ya Mtoto wa Nani?

SOMO LA WIKI
Maandiko: Mithali 13:11, Mithali 28:19-20, Luka 19:1-10

Swali ambalo washirika wananiuliza sana siku hizi ni hili: "Pasta, hii ya kuweka pesa na kupata mara mbili ni ya kweli?" Wiki hii tufungue Biblia, kisha tupige hesabu.

Mithali 13:11 inatuonyesha mali za aina mbili. Ile ya haraka, isiyo na jasho, hupungua. Ile inayokusanywa kidogo kidogo huongezeka. Tuone ni kwa nini.

1. Inavyofanya kazi

Mwaka 1920, mjini Boston, Marekani, Charles Ponzi aliahidi watu faida ya asilimia 50 kwa siku 45. Alisema ananunua kuponi za posta nchi za nje kwa bei ya chini na kuziuza Marekani kwa bei ya juu. Watu walipiga foleni. Lakini kwa pesa alizokusanya, angehitaji kuponi kama milioni 160, na zilizokuwa zikizunguka duniani zilikuwa kama 27,000 tu. Biashara haikuwepo. Waliotangulia walilipwa kwa pesa za waliofuata. Agosti mwaka huo akakamatwa.

Leo hadithi imebadilika: ni sarafu za mtandaoni, foreksi, ama kubonyeza matangazo kwa simu. Mtambo ni ule ule.

2. Kwa nini lazima ianguke

Chukua kalamu. Watu 10 wanaweka Sh10,000 kila mmoja, wanaahidiwa Sh20,000 baada ya mwezi. Hiyo ni deni la Sh200,000. Bila biashara, lazima waje watu 20 wapya. Hao 20 nao wanadai Sh400,000, kwa hivyo mwezi unaofuata wanahitajika 40, halafu 80. Mwezi wa 12 wanahitajika watu 20,480. Mwezi wa 24 wanahitajika zaidi ya milioni 83, na sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya milioni 47.6, pamoja na watoto wachanga! Na hapo mwenye mpango hajajikatia hata shilingi.

Ukiambiwa "usitoe, rudisha izae tena," pesa haitoki leo, lakini deni linaendelea kukua. Siku wageni wanapopungua, au wengi wanapotaka pesa zao kwa pamoja, utasikia sistimu inarekebishwa, ama lete watu wawili kwanza ndio utoe zako. Ukisikia hivyo, jua mwisho umefika.

3. Kwa nini inapenda kanisa

Kanisani tunaaminiana. Ndugu akisema "nimelipwa," hatuulizi risiti. Kamati ya serikali iliyochunguza mipango ya piramidi hapa Kenya iliripoti mwaka 2009 kwamba watu zaidi ya 148,000 walipoteza zaidi ya Sh8 bilioni. Mwaka huo huo majirani zetu Tanzania waliona DECI ikifungwa. Ilikuwa na wachungaji katika uongozi wake, na watu walikuwa wakiambiwa "wapande mbegu" ili wavune. Lugha ya madhabahu iligeuzwa chambo. Mpendwa, mtu akitumia Neno kukuzuia kuuliza maswali, kumbuka Waberoya wa Matendo 17:11. Walimchunguza hata Paulo, na wakasifiwa kwa hilo.

4. Na aliyelipwa je?

Dada anayeshuhudia kwamba amelipwa hadanganyi. Lakini ushuhuda wake hauonyeshi kwamba kuna biashara. Unaonyesha tu kwamba aliingia mapema. Ile faida aliyopokea ni pesa ya mtu aliyekuja nyuma yake, pengine mjane wa jumuiya yake aliyeweka karo ya mtoto. Kwa hivyo swali la "nitoke kabla haijaanguka?" halimtoshi Mkristo. Ukitoka na faida, umetoka na jasho la jirani. Zakayo alipokutana na Yesu hakusema tu pole, alirudisha.

5. Uliza kabla ya kutuma

• Hii faida inatoka wapi hasa? Mwuzaji wa mboga anaweza kukueleza faida yake kwa dakika moja.
• Nani amewapa leseni? Cheti cha kusajili kampuni si leseni ya kuchukua akiba za watu. Benki iko chini ya Benki Kuu, Sacco za akiba chini ya SASRA, uwekezaji chini ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Wapigie, uliza.
• Faida ni kubwa kiasi gani? Bondi ya serikali ya Februari 2024 iliyofika asilimia 18 na kidogo kwa mwaka ilishangaza watu. Anayekuahidi hiyo kwa wiki anaitoa wapi?
• Nikikosa kuleta watu, bado nitalipwa?

Kwa walioumia: hukukosa imani, uliibiwa. Usinyamaze kwa aibu. Piga ripoti polisi, na ujihadhari na anayedai ada ili akurudishie zilizopotea, huyo ni mwizi wa pili. Sisi wengine tusiwacheke, tuwabebe.

Kwa vikundi vya nyumbani: Someni Luka 19:8. Kama faida uliyopata ilitoka kwa ndugu, utafanya nini nayo wiki hii?

Tuombe: Bwana, tupe mkate wetu wa leo bila kula wa jirani. Amina.