Nyumba Kukaribiana au Kutengana: Somo la Gharama za Barabara

Kijiji kinapopima viwanja vipya, mara huzuka maneno ya namna mbili barazani. Wengine hunena, "Tujenge karibu karibu, barabara iwe fupi, tusichoke kuitengeneza." Wengine hujibu, "La, kila mtu apewe eneo pana, apate mahali pa migomba na ng'ombe wake. Kubanana huleta maradhi na magomvi." Pande zote mbili zina haki, ila mara nyingi hushindana kwa sauti, si kwa hesabu. Katika somo hili twataka kuionyesha hesabu hiyo, ili wazee, walimu na kila ajuaye kusoma waipime wenyewe kabla ya kukata shauri.

Kwanza tutazame urefu wa barabara. Tuseme kaya 60 zagawiwa viwanja, 30 upande huu wa barabara na 30 upande wa pili. Kila kiwanja kikiwa na upana wa mita 20 mbele na kina cha mita 30, barabara itakuwa na urefu wa mita 600, yaani mita 10 kwa kila kaya. Lakini kila kaya ikipewa karibu ekari moja, mita 50 kwa 80, barabara itafika mita 1,500, yaani mita 25 kwa kila kaya. Watu ni wale wale, lakini barabara imezidi mara mbili na nusu.

Pili tutazame kazi. Adui mkubwa wa barabara ya udongo ni maji. Yasipopata mtaro hupita katikati, nayo barabara hugeuka korongo. Basi kila mita ya barabara yataka mita mbili za mtaro, moja kila upande. Tuseme mtu mmoja aweza kuzibua mita 5 kwa siku. Katika mpango wa kwanza kila kaya ina mita 20 za mtaro, ambazo ni kazi ya siku 4. Katika mpango wa pili ina mita 50, ambazo ni kazi ya siku 10. Kazi hii hurudi kila mwaka baada ya masika. Tena barabara ndefu yaweza kukutana na vijito vingi zaidi, na kila kijito chataka daraja au kalavati, ambavyo havijengwi kwa jembe peke yake. Ni kweli kwamba mwaka 2017 ulianzishwa Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, yaani TARURA. Lakini fedha za umma haziongezeki kwa sababu kijiji kimependa kutawanyika, na njia ndogo za ndani mara nyingi hubaki mikononi mwa wenyeji.

Hapa wapendao kukaribiana watafurahi. Wasifurahi kabla ya kumaliza hesabu. Ikiwa mtu amejenga katika kiwanja kidogo, na shamba lake liko umbali wa kilometa 4, hutumia kama saa 1 kwenda na saa 1 kurudi. Akienda shambani siku 150 kwa mwaka, saa 300 zimeishia njiani. Nazo siku 6 alizookoa katika mtaro, zikihesabiwa kwa saa 8 kila siku, ni saa 48 tu. Tena samadi haifiki shambani kwa urahisi, wala hapana wa kuwafukuza nyani na nguruwe wakati mwenyewe yuko mbali.

Jambo hili si la kubuni. Mwalimu Nyerere, alipokuwa Rais wa Tanganyika mnamo Desemba 1962, aliwahimiza watu wakae pamoja vijijini, kwa kuwa waliotawanyika ni vigumu kuwafikishia shule, maji na dawa. Maneno hayo yalikuwa na ukweli ndani yake. Lakini kati ya mwaka 1973 na 1976 mamilioni ya watu walihamishwa, wengi wao kwa nguvu, na mahali pengi nyumba zilipangwa kando ya barabara bila kuuliza shamba liko wapi. Huko Rufiji, baada ya mafuriko ya mwaka 1968, watu walihamishiwa nchi ya juu. Lakini ardhi yenye rutuba ilikuwa bondeni, hivyo wengi waliendelea kushuka kulima na kulala katika madungu ili kulinda mazao. Barabara ilipata watu, lakini shamba lilimkosa mwenyewe.

Je, hapana njia ya tatu? Ipo. Angalieni tena hesabu ya kwanza, mtaona kwamba kinachorefusha barabara ni upana wa mbele ya kiwanja, wala si ukubwa wake wote. Kiwanja cha mita 20 kwa 200 kina eneo sawasawa na kile cha mita 50 kwa 80, yaani mita za mraba 4,000. Lakini kaya 60 zikipewa viwanja hivyo virefu, barabara itabaki mita 600. Nyumba husimama mbele, na migomba, mboga na zizi hukaa nyuma yake.

Hata hivyo njia hii ina masharti. Penye mteremko, viwanja virefu visishuke wazi kutoka juu hadi chini bila matuta ya kukingama, maana mvua itachukua udongo. Choo kisichimbwe juu ya kisima wala karibu nacho. Na baba asikigawe kiwanja kwa urefu baina ya wana wanne, kwa maana kila mmoja atapata ukanda wa mita 5, usiofaa kwa nyumba wala kwa shamba. Afadhali kijiji kitenge tangu mwanzo akiba ya ardhi kwa ajili ya vijana.

Shauri hili ni la wenyeji wote. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Basi yawapasa wazee wafike mkutanoni na hesabu iliyoandikwa: mita za barabara, idadi ya vijito, na umbali wa mashamba. Walimu nao wawatume wanafunzi wa madarasa ya juu kupima kwa kamba, kwani hesabu hii ni ya darasani kabisa. Kina mama wasiachwe nje, maana wao ndio wabebao maji na kuni katika njia hizo kila siku, nao wajua urefu wake kuliko mtu yeyote.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ardhi ni mali, na nguvu za watu ni mali pia.