Mzee Akianza Kusahau na Kuburuta Miguu

Kwa kaya za Cheyo, Tabora

Babu aliyekuwa akienda sokoni peke yake sasa anatembea kwa hatua fupi fupi, anachelewa kujibu, hesabu ya pesa inamshinda, na haja ndogo inamtoka kabla hajafika chooni. Wengine nyumbani wanasema ni uzee, wengine karogwa. Tafadhalini, msiishie hapo. Kama ana presha ya miaka mingi au kisukari, huenda mishipa midogo ya damu ndani ya ubongo imekakamaa na kuziba. Sehemu inazolisha hufa kidogo kidogo, bila maumivu.

Picha ya ubongo husaidia kujua. Siti skani hutumia mionzi ya eksirei na huchukua dakika chache. Huonyesha damu iliyovuja, hata ile iliyojikusanya chini ya fuvu wiki kadhaa baada ya kuanguka. Hiyo huweza kuondolewa kwa upasuaji, na wapo wazee wanaorudiwa na akili zao. Lakini madhara madogo ya mishipa huweza kuipita, hivyo picha safi haitoshi kusema mzee ni mzima. MRI, iliyopo Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, hutumia sumaku na huona zaidi: mabaka meupe, vishimo vya milimita 3 hadi 15, na vidoa vya damu ya zamani. Mwenye betri ya moyo au chuma mwilini aseme mapema.

Mabaka hayo huonekana hata kwa wazee wasio na shida yoyote. Ndiyo maana daktari hasomi picha peke yake, na ndiyo maana nasisitiza: kabla ya nauli ya Dodoma, pimeni presha na sukari. Dawa za presha zinywewe kila siku hata akijisikia vizuri, chumvi ipunguzwe, na tumbaku, ingawa ndiyo zao letu, asiivute.

Mdomo ukipinda ghafla, mkono ukilegea au maneno yakikwama, mpelekeni Hospitali ya Kitete saa hiyo hiyo. Msimpe aspirini nyumbani: kiharusi cha mshipa kuziba na cha damu kuvuja hufanana kwa macho, na aspirini huweza kuzidisha kuvuja. Kumbukeni saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho, daktari ataiuliza.

Hospitali aende na anayeishi naye kila siku, si mtoto aliyefika jana kutoka Dar es Salaam, wakiwa na dawa zake zote na kadi yake ya presha.