Mabati Yenye Matundu: Mafunzo Niliyopata Nikifundisha Haki Molo

Nilianza kufundisha Historia na Serikali katika shule moja ya kutwa karibu na Molo, Kenya, mwaka 2012. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilikuwa zimetimiza miaka minne. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchi nzima, na waliohama makwao walikuwa zaidi ya laki sita. Wanafunzi wangu wa kidato cha pili walikuwa na miaka kumi au kumi na mmoja wakati wa ghasia. Baadhi yao waliishi kwenye mahema katika uwanja wa maonyesho wa Nakuru kabla ya kurudi. Wengine hawakuhama hata siku moja. Wote sasa walikuwa wamevaa sweta za rangi moja, na mwalimu mkuu akaniomba nisimamie klabu ya amani. Nilidhani ni kazi nyepesi.

1. Yaliyopita ni ndwele

Siku ya kwanza nilikuja na hotuba. Nikasema Kenya ina makabila zaidi ya arobaini na sote ni ndugu, tena yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Wakapiga makofi yale ya kumpigia mgeni wa heshima. Kisha kijana wa dawati la nyuma akanyoosha mkono.

"Mwalimu, mabati yetu yako juu ya nyumba ya kina huyu."

Akamwonyesha mwenzake aliyekaa mbele.

Asiyeijua Molo ya miaka ile huenda asielewe uzito wa maneno hayo. Watu walipokimbia, nyumba nyingi zilichomwa, na nyingine zikabomolewa, mabati yakabebwa na kuuzwa. Waliorudi waliyakuta yameezekwa kwingine, na matundu ya misumari ya zamani bado yanaonekana. Aliyepanda juu na babake kupigilia misumari ile huyajua mabati ya kwao. Kijana huyu alisema lao moja lina alama ya rangi nyekundu pembeni.

Nikamwambia hapa si mahali pa mambo hayo. Katika miaka yangu yote ya ualimu sijafanya kosa linaloniuma kuliko hilo. Wiki tatu hakuja klabuni, na nusu ya wanachama hawakuja vilevile. Hata yule wa dawati la mbele, ambaye nilidhani nimemkinga, aliacha kuja. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa na jibu na nilimnyima nafasi ya kulitoa: babake aliyanunua mabati hayo sokoni.

Tulianza upya kwa karatasi. Kila mmoja aliandika anachokumbuka bila kutaja jina lake, nami nikasoma zile ambazo wenyewe waliruhusu zisomwe. Karatasi mbili zilitoka pande mbili zilizokuwa zikiwindana, na zote zilieleza usiku wa kulala ndani ya shamba la pareto, mama akimziba mtoto mdomo. Hakuna aliyepiga makofi siku hiyo. Sitaji makabila yao hapa, maana nikiyataja msomaji atachagua upande kabla sijamaliza.

2. Mpira hautoshi

Kila mfadhili aliyefika shuleni alileta mipira. Vijana walicheza vizuri wakiwa wamechanganyika, wakakumbatiana goli lilipofungwa, kisha kila kundi likarudi nyumbani kwa njia yake. Mpira unamfundisha mtu kupasiana na mwenzake, ila haumwambii afanye nini mwenzake akinyimwa nyumba ya kupanga.

3. Lugha ya mama haina hatia

Shule yetu ilikuwa na kipande cha mbao. Aliyesikika akizungumza lugha ya kwao alikivaa shingoni hadi amnase mwingine, na jioni waliokivaa wote waliadhibiwa. Niliitetea desturi hiyo. Niliamini tukizima lugha za nyumbani, ukabila nao utazimika.

Kifungu cha 44 cha Katiba ya 2010 ndicho kilichonikamata. Tulikuwa tukisoma Sura ya Nne, inayohusu haki, tukafika panaposema kila mtu ana haki ya kutumia lugha ya chaguo lake. Binti mmoja akainua kile kipande, akauliza, "Na hiki, mwalimu?"

Sikuwa na jibu. Nilipokwenda ofisini kukitetea zaidi, nilijikuta sina hoja. Mbao ile ilikuwa imewafundisha watoto kuviziana, na imewafundisha kwamba sauti ya mama yao ni kosa. Ilituchukua muhula mzima kuwashawishi walimu wenzangu waiondoe. Badala yake tukaweka sharti moja ambalo wanafunzi walilitunga wenyewe: ukiwa na mtu asiyeelewa, hamia Kiswahili, au mtafsirie. Tuligundua kwamba kilichokuwa kikiwaudhi ni ile hofu ya kusengenywa ukiwa umesimama papo hapo. Siku za Ijumaa walifundishana salamu, na kijana yule wa mabati akawa hodari wa kuamkia kwa lugha tatu.

4. Mwalimu naye ahesabiwe

Huyo huyo binti wa Kifungu cha 44 aliniletea daftari siku moja baada ya vipindi. Kwa wiki nne alikuwa akiandika majina ya wanafunzi ninaowatuma ofisini, ninaowaachia funguo za maktaba na ninaowataja mfano mwema. Akaniomba niyasome. Karibu wote walikuwa wa kabila langu.

Nilitaka kumjibu kwamba ni bahati tu, kwamba hao ndio waliokuwa karibu. Kisha nikakumbuka Kifungu cha 27, ambacho nilikuwa nimewaandikisha ubaoni kwa mkono wangu: hakuna kubagua mtu kwa kabila, moja kwa moja wala kwa njia ya kuzunguka. Sikuwahi kukusudia kumbagua yeyote. Mkono wangu ulikuwa ukimwelekea yule ambaye jina lake halikunisumbua ulimi.

Nilimshukuru, na kesho yake nikalisoma lile daftari mbele ya darasa lote. Ilikuwa vigumu. Lakini kuanzia siku hiyo wanafunzi walianza kuileta katiba kwenye mambo ya shule: uteuzi wa viranja, orodha ya basari, zamu za kuosha vyoo. Naamini kijana hawezi kumtetea jirani dhidi ya umati wa watu kama hajawahi kumuuliza swali mkubwa mmoja anayemheshimu, akajibiwa bila kuchapwa.

5. Ardhi izungumzwe kwa jina lake

Hapa ndipo walimu wengi hukwepa, na kwa muda mrefu nilikwepa nami. Tulisema vita vililetwa na wanasiasa, tukaishia hapo. Ni kweli walivichochea, lakini kuni zilikuwepo. Molo ilipigana mwaka 1992, ikapigana tena mwaka 1997, na kila mara moto uliwaka kwenye mashamba yale yale.

Nikaamua kuanza mbali zaidi. Serikali ya kikoloni ilizitenga nyanda za juu kwa ajili ya walowezi, na jamii zilizolisha mifugo hapa zikasukumwa pembeni. Wengine waliletwa kama vibarua wa mashamba hayo, kwa kuwa makwao nako walinyang'anywa. Baada ya uhuru mwaka 1963, ardhi haikurudishwa tu kwa waliofukuzwa. Ilipitia mipango ya serikali ya kugawa mashamba na kampuni za kununua ardhi, na watu walichanga senti kwa miaka mingi wakapata ekari chache. Kwa hiyo familia moja inaangalia shamba na kusema, "Liliuzwa na mtu ambaye halikuwa lake." Jirani yake anaangalia shamba lile lile na kusema, "Nimelilipia kwa jasho." Wote wawili hawadanganyi.

Niliwabadilisha nafasi, mtoto wa upande huu akatetea madai ya upande ule. Kijana mmoja alikataa kabisa mara ya kwanza. Mara ya pili alizungumza dakika kumi, akakaa chini, akasema taratibu kwamba babu yake na babu wa mwenzake wote walidhulumiwa, na aliyewadhulumu hakai hapa kijijini.

Wiki iliyofuata alikuja mzazi, mzee wa makamo, koti la mvua begani. Alikuwa amesikia kwamba namfundisha mwanawe kutoa shamba. Akatoa hati yake kwenye mfuko wa plastiki uliokunjwa mara tatu, akaitandaza mezani bila kuiachilia. Nikamsomea Kifungu cha 40, kwamba kila mtu ana haki ya kumiliki mali mahali popote nchini Kenya. Akatikisa kichwa kukubali. Kisha akauliza jambo ambalo sikulitarajia: "Na yule mwingine, mwalimu, katiba inamwambia nini?" Nikamsomea Kifungu cha 67, kuhusu Tume ya Kitaifa ya Ardhi na kazi yake ya kuchunguza dhuluma za kihistoria za ardhi. Akaniomba nisome tena, polepole.

Mzee yule alinifundisha tofauti ya kudai na kulipiza. Mwenye mlango wa kupeleka kilio chake hana haja ya kubeba kiberiti. Ila mlango huo ukikaa umefungwa miaka nenda miaka rudi, mwalimu hana mamlaka ya kuwaambia vijana wavumilie, na nimewahi kuwaambia wakubwa wa serikali waliotembelea shule maneno hayo hayo.

6. Jina la utani huja kabla ya moto

Madoadoa. Kwekwe. Vijana waliyajua maneno haya ya kuwaita watu wa makabila mengine kabla ya kujua maana yake. Doa hufuliwa litoke, kwekwe hung'olewa. Niliwaambia kwamba sheria ya utangamano ya mwaka 2008 inaweza kumtoza mchochezi faini ya hadi shilingi milioni moja au kumfunga hadi miaka mitatu, na matokeo yake wakaanza kuyanong'ona. Hofu ya faini ilibadilisha sauti tu. Kilichosaidia ni kumwomba kila mmoja aseme jina analoitwa na lilivyomwingia. Mwaka 2022 Tume ya Kitaifa ya Uwiano na Utangamano ilipoliweka neno madoadoa kwenye orodha ya maneno ya chuki, baadhi ya waliokuwa wanafunzi wangu walinitumia habari hiyo kwa simu, bila kuongeza neno.

7. Somo hupimwa mwaka wa uchaguzi

Madawati huanza kuwa wazi. Mzazi anakuja kuomba barua ya uhamisho, anasema mtoto anakwenda kukaa na nyanya yake "nyumbani", ingawa mtoto alizaliwa hapa. Ilikuwa hivyo mwaka 2013, ikawa hivyo mwaka 2017. Mwaka huo Mahakama ya Juu ilifuta matokeo ya urais tarehe 1 Septemba, nami nilitumia vipindi vitatu kwa hukumu hiyo peke yake. Sikutaka tuzungumzie nani alishinda. Nilitaka waone kwamba malalamiko makubwa kuliko yote nchini yalipelekwa kwa karatasi, yakasikilizwa, yakaamuliwa.

Kabla ya uchaguzi wa Agosti 2022 simu yangu ililia usiku. Alikuwa kijana wa mabati, sasa ana mke na duka dogo la vipuri vya pikipiki. Mwenye nyumba alikuwa amewapa wapangaji wa kabila la kijana huyo siku saba wahame "hadi mambo yatulie". Wapangaji wengine walikuwa wakifunga mizigo.

"Mwalimu, kile kifungu cha kukaa popote ni cha ngapi?"

"Thelathini na tisa."

Akanyamaza kidogo. Nilisikia kalamu ikitafutwa, na sauti ya mwanamume mwingine ikimwambia aandike nyuma ya risiti ya kodi. Nikamuuliza yuko na nani. Akasema ni jirani yake wa mlango wa pili, ambaye hakupewa notisi, na asubuhi wanakwenda kwa chifu pamoja.